Tupeane uzoefu: mlioishi mikoa ya mashamba Marekani, winta na upandaji vinaendaje huko?

mzee_wa_maandazi (Morogoro)

Wakuu habari za majukumu. Nina bekari ndogo hapa Moro na kila ikifika Desemba mpaka Machi jamaa anayeniletea unga ana wimbo wake, mara baridi imeua ngano Marekani, mara theluji imekuwa kidogo, mara Urusi nako hivi, halafu bei inapanda. Najua unga mwingi tunaotumia huku ni wa ngano ya nje na Urusi ndio wanaongoza kutuuzia, ila masoko yanatazamana kwahiyo ya Marekani nayo inanifikia tu mfukoni. Sasa kitu ambacho hakijawahi kuniingia akilini, mtu anapandaje ngano mwezi wa kumi wakati anajua mwezi wa kumi na mbili theluji inashuka? Haifi? Na kwanini theluji IKIPUNGUA ndio wanalia? Nilidhani wangeshangilia. Mliosoma huko, mnaoendesha malori, mnaolima, leteni mliyoyaona kwa macho. Ya gugo nitasoma mwenyewe.

Kibena_Kansas

Mzee shikamoo. Nilisoma masters ya kilimo Manhattan, na msianze kunitamani, sio ile ya magorofa, hii iko Kansas katikati ya nyasi na ng'ombe.

Ngano ya pale ni ile nyekundu ngumu ya winta, ndio hasa ya mikate. Wanapanda kuanzia katikati ya Septemba kwa walioko kaskazini magharibi, kusini wanaenda mpaka Oktoba yote. Inaota, inatoa majani machache na machipukizi, baridi ikikolea inatulia, unaona shamba limelala halikui kabisa. Na hiyo baridi inaitaka mzee, sio kwamba inaivumilia tu. Ngano ya winta isipokaa kwenye baridi wiki kadhaa haitoi masuke, utabaki na majani ya kulisha mbuzi. Ndio maana mbegu ile huwezi kuileta ukaipanda Dodoma ukategemea mkate.

Kuhusu kufa, kinachotakiwa kubaki hai ni kile kitako cha mmea ambacho kiko chini ya udongo sentimita moja mbili hivi. Majani yanaweza kuungua yote yakawa kahawia na mgeni akasema shamba limekwisha, Machi linaota kijani kama halijawahi kuguswa. Theluji hapo ni blanketi. Hewa juu inaweza kuwa -25 lakini chini ya theluji nzuri udongo uko nyuzi chache tu chini ya sifuri. Theluji isipokuwepo, na udongo ukiwa mkavu na tifutifu, baridi inazama moja kwa moja mpaka kwenye kitako. Udongo wenye unyevu unapoa taratibu, mkavu unapoa fasta. Kwahiyo mkulima wa Kansas anayelia theluji haijaja ana sababu, tena analia mara mbili maana theluji hiyo hiyo ndio maji yake ya kuanzia springi, yaani majira yanayofuata winta.

Nilichokuwa nakipenda ni Februari, mwalimu wetu alikuwa anatupeleka shambani na sururu maana udongo ni jiwe, mnang'oa miche mnaileta ndani, mnaiosha, mnakipasua kitako kwa wembe. Kikiwa cheupe kimekaza kiko hai, kikiwa cha kahawia kinateleza basi. Mingine mnaiweka mahali pa joto muone kama itachomoa mizizi mipya. Wakulima wenyewe wanafanya hivyo hivyo jikoni kwao.

mzee_wa_maandazi (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye blanketi nimeelewa. Ila nikuulize, winta ikiwa laini tu, haina baridi kali, si ndio nafuu?

Kibena_Kansas

Hapana mzee, na hapa ndio wengi wanachanganya. Februari ikiwa ya joto ngano inaamka mapema, inaanza kupandisha bua, ile ncha changa itakayokuwa suke inatoka chini ya udongo inapanda juu ambako hakuna cha kuikinga. Halafu Aprili inashuka jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, ya usiku mmoja. Ikiwa kwenye hatua ya kupandisha bua, -4 kwa masaa mawili inatosha kuumiza, na ikishatoa masuke hata -1 ni msiba. Mmea ule ule uliovumilia Januari! Na ubaya wake huoni siku hiyo, shamba liko kijani, unakuja kuona baadaye masuke meupe hayana kitu ndani.

Mwaka ambao watu wa Kansas hawausahau ni 2023, ila tatizo lilianza wakati wa kupanda 2022. Udongo ulikuwa umekauka, watu wakapanda vumbini wakisubiri mvua, sehemu nyingine mbegu haikuota mpaka springi. Mavuno yakaja kuwa madogo kuliko miongo kadhaa nyuma na kwa Marekani nzima karibu theluthi ya ngano ya winta iliyopandwa haikuvunwa kabisa. Mkulima anapiga hesabu ya dizeli ya kombaini, anaona bora amwite mtu wa bima apime halafu alime juu yake apande mtama.

Na vumbi lenyewe nimelila. Tarehe 15 Desemba 2021 upepo ulivuma Kansas magharibi na kati unazidi kilomita 150 kwa saa, mchana ukawa kahawia, na moto ukaunguza mashamba na ng'ombe kwenye kaunti za kule Russell na Ellis. Desemba hiyo!! Ngano changa inafukuliwa na upepo mizizi ikabaki nje. Mkulima anaingia na trekta anapiga mistari ya kuibua mabonge makubwa ili yashike mchanga usiruke, na anajua kabisa kwamba anailima ngano yake mwenyewe.

laigwanan_mdogo

Mimi nilipita kusini ya Kansas na Oklahoma Januari nikaona ng'ombe wamo ndani ya ngano, mamia, nikamwambia mwenyeji wangu hapa leo kuna kesi. Akacheka, akasema ni wa kwake. Kumbe wanawalisha winta nzima kwenye ngano hiyo hiyo wanayokuja kuvuna mwezi wa sita. Wanawatoa mwishoni mwa Februari au Machi, wanapasua bua wakiona limeanza kuwa na uwazi ndani basi siku hiyo ng'ombe wanatoka, wakichelewa wanakula suke. Huku kwetu ng'ombe akiingia ngano ya mtu mnakutana kwa mtendaji.

DerevaWaNaks

Sasa wacha nami niseme yangu, mimi si mkulima, mimi naendesha trela, nimebeba mahindi na soya Iowa, Nebraska, Minnesota miaka kadhaa, na nitawaambia kitu moja, huku kila mtu anaongea juu ya theluji lakini shida kubwa inakuja wakati INAYEYUKA.

Machi 2019 hiyo sitasahau. Winta ilikuwa mbaya, ardhi imeganda chini kabisa, juu kuna theluji ya maana, halafu ikaja dhoruba ya mvua na joto pamoja. Maji hayawezi kuingia kwa udongo uliogandamana, yanateleza tu yote yanaenda mtoni, na mito imebeba vipande vya barafu vikubwa kama gari. Pale Nebraska kaskazini bwawa la Spencer kwa mto Niobrara likabomoka. Upande wa mto Missouri barabara kuu ya I-29 ikafungwa, tukazungushwa mbali sana. Na kile kitu kiliniuma ni maghala ya chuma, zile silo za mviringo ziko kila shamba, wakulima walikuwa wameweka nafaka wakingoja bei, maji yakaingia chini, soya na mahindi zikafura, silo ikapasuka ikamwaga kila kitu. Nafaka ikishaguswa na maji ya mafuriko hairuhusiwi kuuzwa hata kwa mifugo. Na bima ya mazao inasimamia ya shambani, sio ile umeshavuna ukaweka store, so wengi waliachwa hivyo.

Halafu mvua haikuacha. Springi hiyo mashamba yalikuwa matope tu, planta, zile mashine za kupandia, zimesimama, mahindi yalipandwa pole pole kuliko wakati wowote rekodi zimewekwa, na ekari zaidi ya milioni 19 hazikupandwa kabisa nchi nzima. Milioni kumi na tisa wasee. Mimi nilikuwa napita Juni naona shamba tupu, magugu tu.

Kitu nyingine watu hawajui, Minnesota na Dakota kila springi wanashusha uzito wa lori kwa barabara ndogo. Kwa sababu barafu ya chini ya lami ikiyeyuka barabara inakuwa laini, ukipita na mzigo kamili unaivunja. So mkulima anataka mbolea na mbegu zifike haraka apande, na wewe huruhusiwi kubeba full. Nimepigiwa simu za kelele na dispacha, yule anatupangia safari, wa kampuni moja sitaitaja, eti mbona unaenda trip mbili. Nikamwambia boss hiyo faini utalipa wewe?

Na dizeli nayo inaganda, usicheze. Inafanya nta inaziba filta. Kwa baridi ile ya maana lazima uchanganye na ile nyepesi namba moja.

mama_lengalenga (Des Moines)

Wandugu jambo. Mimi natokea Uvira, niko hapa Iowa na familia, asubuhi kiwanda cha nyama, jioni shamba. Tuko na vipande vya shamba wanatupatia sisi wakimbizi tunalima na kuuza soko la Jumamosi. Nalima lengalenga (mchicha), matembele, nyanya chungu, pilipili, na mahindi nyeupe ya kwetu kwa sababu ile yao ya njano haina ladha ya fufu.

Mwaka wa kwanza niliona Aprili jua linawaka, ndege zinaimba, nikasema sasa wakati umefika. Jirani yangu mzungu mzee sana akaniambia mama ngoja, weka mkono ndani ya udongo. Niliweka, baridi kama friji. Huku hawaangalie jua, wanaangalie udongo. Yule mzee yuko na kipima joto kirefu cha chuma anakichoma chini asubuhi, sentimita tano, mahindi anangoja ifike nyuzi kumi na aone wiki inayokuja haitashuka tena. Sababu alinieleza, mbegu kitu ya kwanza inafanya ni kunywa maji, kama ile maji ya siku ya kwanza na ya pili ni ya baridi sana ndani ya mbegu kunapasuka, inaota imepinda ama haioti. Kwa hiyo afadhali ikae kwa mfuko kuliko kwa udongo wa baridi.

Na vitu vya kwetu, nyanya chungu, pilipili, hiyo ni baada ya Siku ya Mama mwezi wa tano, hapa kila mtu anasema hivyo. Mbele ya ile siku ninaviotesha ndani ya nyumba dirishani, watoto wanalalamika nyumba yote ni makopo. Kisha Oktoba jalidi inarudi tena. Kwa hiyo wakati wa kulima wote ni kama miezi tano. Kwetu Uvira tulikuwa tunasema mvua imechelewa, kumbe tulikuwa matajiri wa wakati.

Fargo_ni_friza

Mama Iowa hiyo ni joto njoo huku North Dakota 😂 Huku hata hiyo ngano ya winta ni wachache wanaothubutu, wengi wanapanda ngano ya springi, Aprili mwishoni na Mei, wanavuna Agosti. Yaani baridi inashinda hata blanketi la Kibena. 2022 dhoruba za theluji zilipiga Aprili yote, watu wameshapaka planta grisi ziko tayari wakarudi kusukuma theluji, upandaji ukaenda mpaka Juni.

Mimi nilifanya kibarua cha biti za sukari, zile nyeupe kubwa sio za kachumbari, bonde lote la Red River wanalima. Mavuno makubwa yanaanza Oktoba mosi usiku na mchana, masaa kumi na mbili kumi na mbili. Hapo baridi ni rafiki. Biti zinarundikwa nje, rundo refu kuliko nyumba, na winta ndio friji yao, kiwanda kinakata taratibu mpaka springi. Oktoba ikiwa na joto tunasimamishwa kazi mchana kwa sababu biti za moto zikirundikwa zinaoza, ikiganda kabla hazijang'olewa tunasimamishwa tena. 2019 mvua na barafu vilifuatana, nyingi zilibaki ardhini hazikung'olewa.

Na mto wenyewe unaelekea KASKAZINI, huko unakoenda bado ni barafu wakati huku juu umeshayeyuka. Maji yanakosa pa kwenda yanatandaa mashambani, ardhi ni tambarare kama meza. 1997 Grand Forks ilizama, 2009 Fargo tulio hapa tunasimuliwa jinsi mji mzima ulivyojaza mifuko ya mchanga. Mkulima anaweza kuona shamba lake ziwa mpaka Mei.

Nyanya_ya_Makete

Nyie mnatisha watu. Sisi Makete mwezi wa sita na wa saba jalidi ikipiga viazi asubuhi vimekuwa vyeusi kama vimemwagiwa maji ya moto, na ngano tunalima. Hatuna theluji ya kufunika, ni baridi kavu tu. Kwahiyo nikisoma ya Kibena kuhusu baridi isiyo na theluji mimi namuelewa kuliko nyote. Swali, hao wa bima wanakuja mpaka shambani?

Kibena_Kansas

Wanakuja mama, wanahesabu mimea kwenye futi moja ya mstari, sehemu mbalimbali za shamba, wanakadiria mavuno. Serikali inachangia sehemu kubwa ya ada. Bila hiyo magharibi ya Kansas kusingekuwa na mtu.

mzee_wa_maandazi (Morogoro)

Sasa nataka nimbane huyu muuza unga. Naangalia wapi, bila kulipia?

Kibena_Kansas

Wizara yao ya kilimo, USDA, wanatoa ripoti ya maendeleo ya mazao kila Jumatatu saa kumi jioni saa za Washington, huku kwetu tayari ni saa tano usiku. Inaanza Aprili mpaka Novemba, inasema asilimia ngapi imepandwa, na ngano imegawanywa mbaya sana mpaka nzuri sana. Kuna ramani ya ukame inatoka kila Alhamisi, rangi ya njano mpaka nyekundu iliyoiva, wanaihifadhi chuo kikuu cha Nebraska. Desemba mpaka Machi ripoti ya Jumatatu haipo, kuna za majimbo za mara moja moja tu, kwahiyo mtu akikwambia Januari kwamba ngano IMEKUFA muulize ameipasua kitako nani.

mzee_wa_maandazi (Morogoro)

Nampigia sasa hivi.

DerevaWaNaks

Ukimpata muulize na theluji ilikuwa inchi ngapi 😂