Kuhama kutoka Debian 12 hadi 13 nikiwa ndani ya GNOME: je, ni salama?

Mama wa sekretariati, Kamalondo

Ndugu mafundi, nawasalimu. Nina sekretariati ndogo ya kuchapa na kupiga fotokopi hapa Kamalondo, Lubumbashi, na mashine yangu ya mezani inatumia Debian 12, aina mojawapo ya Linux, yenye GNOME, yaani mazingira ya madirisha. Ningependa kuhamia Debian 13, ile iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025. Sina mazoea ya skrini nyeusi, ile ya maandishi matupu. Kazi zangu zote nazifanya ndani ya madirisha, na amri chache ninazozijua naziandika kwenye terminali ya GNOME. Kijana anayenisaidia ameniambia nibadilishe faili ya vyanzo (inayoonyesha programu zinapakuliwa kutoka wapi), niandike `apt full-upgrade` kwenye terminali hiyo hiyo, kisha niendelee kuchapa barua za wateja huku mashine ikijifanyia kazi yake. Mwenzake ananikataza kabisa, lakini hanielezi sababu. Ni nani nimsikilize? Mjue pia kwamba umeme wetu hukatika bila kuaga, betri ya onduleri (UPS) yangu imezeeka, na mega za intaneti nazinunua kidogo kidogo.

Fundi wa Katuba

Mama, salamu. Msikilize huyo wa pili, na sababu ndiyo hii. Terminali ya GNOME ni programu kama programu nyingine, na amri unayoiandika humo inaishi chini yake: dirisha likifungwa, au GNOME nzima ikianguka, ile amri hupokea ishara iitwayo SIGHUP, na kwa kawaida hufa papo hapo. Wakati wa kuhama, apt, programu ya kusakinisha, hubadilisha maktaba za msimbo zile zile ambazo GNOME inazitumia dakika hiyo, pamoja na draiva za kadi ya picha na systemd yenyewe (inayosimamia huduma zote za mashine), na baadhi ya vifurushi vya programu huanzisha upya huduma zao bila kukuuliza. Mara nyingi kikao, yaani GNOME uliyoingia, hustahimili, na ndiyo maana kijana wako anaamini kwamba hakuna hatari. Siku kisipostahimili, unajikuta umerudishwa kwenye skrini ya kuingilia, dpkg, ambayo apt huitumia kusakinisha, imekatwa katikati, na vifurushi vingi vimefunguliwa bila kusanidiwa.

Kuna na kufuli la skrini, ambalo watu hulisahau. Ukiiacha mashine, skrini ikajifunga yenyewe wakati maktaba za kuhakiki neno la siri zimekwisha kubadilishwa, inawezekana ikakataa kufunguka, na nyuma yake apt inakusubiri ujibu swali usiloliona. Nyaraka za Debian zenyewe zinashauri kazi hii ifanywe kwenye konsoli ya maandishi, ndiyo ile skrini nyeusi, au kupitia ssh, yaani kutoka mashine nyingine.

Hata hivyo, si kila sehemu ya kazi inakutaka utoke kwenye madirisha. Kupakua hakubadilishi chochote katika mfumo, kwa hiyo ukishamaliza masasisho ya toleo la 12, ukazima vyanzo vya watu wengine, ukaandika katika faili ya vyanzo `trixie` (jina la toleo la 13) mahali pa `bookworm` (la 12) na kuendesha `apt update`, unaweza kuandika `apt full-upgrade --download-only` ndani ya GNOME na kuendelea na barua zako. Mega zikiisha njiani, ongeza nyingine, rudia amri ile ile, nayo itaendelea pale ilipoachia. Vifurushi hukaa katika `/var/cache/apt/archives`, na siku ya kusakinisha hutahitaji mtandao. Kuanzia hapo usisakinishe programu nyingine yoyote hadi umalize kuhama.

Yaya wa Ruashi

Mimi naona fundi anamtisha Mama bila sababu. Afungue terminali yake ya GNOME, aandike `tmux`, programu inayoendelea kuzishikilia amri hata dirisha likifungwa, kisha aendeshe apt ndani yake. Dirisha likifa, tmux inabaki, naye atairudia kwa `tmux attach`. Hivyo hana haja ya skrini nyeusi hata kidogo.

Msimamizi wa maabara, Kampemba

Yaya, ushauri wako ni mzuri kwa dirisha linalofungwa kwa bahati mbaya, lakini hautoshi kikao chote kikianguka. Terminali ya GNOME huzaliwa chini ya huduma ya mtumiaji katika systemd, ile inayoitwa `user@1000.service` kwa mtumiaji wa kwanza, na tmux uliyoianzisha humo inahesabiwa kuwa ni ya huduma hiyo hiyo. Kikao cha mwisho cha mtumiaji kikimalizika, systemd husubiri sekunde chache, kisha husimamisha huduma yote pamoja na vilivyomo, na hata kuweka `sudo` mbele hakuiokoi. Tmux inayoanzishwa kwenye konsoli ya maandishi iko katika kikao chake yenyewe, nje ya huduma hiyo, kwa hiyo GNOME ikianguka haiigusi. Asiyetaka kabisa kutoka kwenye madirisha aandike kwanza `loginctl enable-linger` kwa jina lake la mtumiaji, lakini kwa maoni yangu huko ni kuzunguka mlima wakati njia iko wazi.

Tusidhani kwamba haya ni ya kubuni. Mnamo Oktoba 2016 waliokuwa kwenye Fedora 24, aina nyingine ya Linux, walionywa wasiendeshe `dnf update` (dnf ndiyo apt yao) ndani ya desktopu, kwa sababu sasisho la systemd-udev lilikuwa likiiangusha X, programu inayochora madirisha, kwenye baadhi ya mashine zenye kadi mbili za picha. Waliokatwa katikati walibaki na vifurushi vilivyoandikwa mara mbili kwenye hifadhidata. Fedora ina njia ninayoipenda zaidi: `dnf system-upgrade download` hupakua ukiwa kazini, kisha `dnf system-upgrade reboot` huwasha mashine upya katika hali ndogo isiyo na GNOME, na huko ndiko usakinishaji hufanyika. Kwa Debian, hali hiyo inabidi Mama ajitengenezee kwa mkono.

Mama, hifadhi faili zako zote, utoke kwenye GNOME kwa kawaida, kisha ubonyeze Ctrl, Alt na F3 pamoja. Andika jina lako na neno la siri. Halitaonekana hata nyota moja unapoliandika, usishtuke. Kama neno lako lina tarakimu au alama, jaribu kwanza kuziandika mahali pa jina la mtumiaji ili uone kama kibodi inafuata AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), kisha uzifute. Ukiwa na haki za msimamizi, andika `systemctl isolate multi-user.target` ili GNOME isimame yote, fungua `tmux`, halafu endesha `apt upgrade --without-new-pkgs`, na ikimaliza, `apt full-upgrade`. Ukiambiwa kwamba `lock-frontend` imeshikwa, ujue kuna programu nyingine inayotumia apt. Subiri imalize, wala usiifute faili hiyo.

Mama wa sekretariati, Kamalondo

Nawashukuru nyote. Kupakua nitaanza leo usiku. Bado maswali mawili: umeme ukikatika katikati, nifanye nini? Na yale maswali ambayo apt huuliza kuhusu faili za usanidi, niyajibuje?

Fundi wa Katuba

Kuhusu umeme, kwanza usianze kwa kuitegemea onduleri iliyozeeka. Azima ya jirani, au ungoje saa ambayo jenereta ya mtaa inawaka. Ikikatika hata hivyo, washa mashine, rudi kwenye konsoli, andika `dpkg --configure -a`, kisha `apt --fix-broken install`, halafu urudie `apt full-upgrade`. Dpkg huandika kwenye diski hali ya kila kifurushi, kwa hiyo mara nyingi huendelea vizuri. Mashine ikikataa kuwaka na kerneli (kiini cha mfumo) mpya ya 6.12, ile ya zamani ya 6.1 bado imo katika menyu ya GRUB inayotokea mashine inapowaka, chini ya chaguo za ziada.

Kuhusu maswali, kama hukuibadilisha faili hiyo kwa mkono wako, jibu Y. Kama uliibadilisha, bonyeza D uone tofauti, kisha N ubaki na yako. Mfumo wako ukiwa kwa Kifaransa, angalia herufi O: hapo si “oui” (ndiyo), bali hufanya kazi sawa na N, yaani inabakiza faili ya zamani.

Msimamizi wa maabara, Kampemba

Nyongeza moja kabla hujatumia mega zako. Andika `dpkg --print-architecture`. Ikijibu `i386`, usihame, kwa sababu Debian 13 haina tena kerneli wala kisakinishi cha biti 32; mashine hiyo ibaki kwenye toleo la 12. Ikijibu `amd64`, yaani biti 64, endelea, lakini unakili kwanza folda ya `/home` na ya `/etc` kwenye diski ya nje, na uichomoe kabisa kabla ya kuanza.