Jabali la Dover katika King Lear: tulionyesheje Moshi?

Mwalimu wa Fasihi, Moshi
Ndugu wanajukwaa, kikundi chetu kinaandaa King Lear, tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfalme mzee Lear, nasi tumekwama katika onyesho la mtawala mzee Gloucester kwenye jabali la Dover, pwani ya Uingereza. Wenzangu wanapendekeza tulihamishie kwenye korongo la miteremko ya Kilimanjaro, kwa hoja kwamba watazamaji wetu wengi hawakukulia pwani. Mimi nasita. Je, bahari humo ni pambo tu, au ina maana yake?

Msomaji, Arusha
Mwalimu, heshima yako. Kwanza tukumbuke kwamba katika onyesho hilo hakuna jabali lolote. Gloucester, aliyekwisha kutobolewa macho na anayetaka kujiua, amesimama kwenye ardhi tambarare, na mwanawe Edgar ndiye anayemjengea mwamba kwa maneno: kunguru wanaoonekana wadogo kama mbawakawa, wavuvi ufuoni kama panya, na mawimbi yasiyosikika kwa ajili ya kimo. Mzee anajirusha, anaanguka palepale, kisha anaambiwa kwamba amenusurika kwa muujiza. Majukwaa ya London ya zama zile hayakuwa na mandhari ya kuchorwa, kwa hiyo hata mtazamaji mwenye macho yake aliipokea pwani kwa masikio, sawasawa na yule kipofu. Katika Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, bahari nayo hutufikia kwa habari tu za merikebu za mfanyabiashara Antonio. Nawasihi msichore bahari nyuma ya waigizaji, mtaliua onyesho.

Mpenda Tamthilia, Arusha
Kuhusu maneno nakubali, ila sioni kosa la korongo. Akira Kurosawa, katika filamu yake Ran ya 1985, alikihamishia kisa cha Lear Japani, akaiacha pwani, na mwishoni akamsimamisha kipofu Tsurumaru peke yake kwenye ukingo wa ngome iliyobomoka. Ukingo ulimtosha.

Msomaji, Arusha
Ni kweli, ndugu yangu, lakini Kurosawa alibadilisha na mengine: mwana aliyefukuzwa anapata hifadhi kwa mtawala jirani, na jeshi linarudi kwa nchi kavu. Kwa Shakespeare aliyefukuzwa ni Cordelia, binti wa Lear, naye ni malkia wa Ufaransa, na Dover ndipo ufalme unapokoma na ndipo msaada unapotia nanga, ndiyo maana Lear na Gloucester wote wawili wanaelekezwa huko. Mwalimu, mkichagua korongo, mpangieni Cordelia njia nyingine ya kurudi kwa baba yake.