Mawakili wa ofisi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wapewe meno ya kwenda mahakamani wenyewe?

Mtetea Kodi
Wakuu, kila mwaka mambo ni yaleyale. Mwisho wa Machi CAG anamkabidhi Rais ripoti, Aprili inatua bungeni, magazeti yanapamba kurasa za mbele, mwezi haujaisha kimya kimetanda. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma kinamtaka CAG akishuku jinai avijulishe vyombo vya uchunguzi na DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka. Akishajulisha, kazi yake imeisha. Ofisi yake ina mawakili wa serikali, wasomi wazuri tu. Kwa nini wasifungue kesi za kurejesha fedha wao wenyewe? Afrika Kusini walishabadilisha sheria, na tangu Aprili 2019 mkaguzi mkuu wao anaweza kufika hadi kumwandikia afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, hati ya deni alipe kutoka mfukoni. Sisi tunashindwa nini? Kwa sasa wakili wa serikali kwenye ukaguzi ni karani aliyevaa tai. Anarekebisha koma za ripoti, basi.

Wakili wa Bara
Hoja nzuri umeiharibu mwenyewe kwa sentensi mbili za mwisho. Karani? Unajua barua ya menejimenti, ile ya hoja za ukaguzi kwa wakuu wa taasisi, inaulizwa maswali gani kabla haijatoka? Mkaguzi anakuja ameandika "mkandarasi ameiba". Mimi ndiye ninayemuuliza: hati ya madai iliidhinishwa na nani? Mhandisi aliyethibitisha kazi amehojiwa, na maelezo yake ameyasaini? Mkataba una nyongeza ya muda au waliongezana kwa mdomo? Malipo bila kazi yanathibitika kwa vocha na ukaguzi wa eneo la mradi. Nia ya kuiba inahitaji zaidi ya hapo. Ukikuta neno "wizi" halimo kwenye ripoti, ujue kuna mtu aliupima ushahidi.

Jicho la Kijiji
Kumbe ni ninyi! Kila mwaka tunajiuliza nani anageuza "fedha zimeliwa" kuwa "malipo yasiyo na viambatisho". Leo mhusika kajitaja. Mwananchi wa kawaida akisoma "hayakuwa na viambatisho" anadhani kuna karatasi imepotea, kumbe zahanati haipo.

Wakili wa Bara
Mkuu, ukiandika "zimeliwa" unawajibika kumtaja aliyekula, na kumtaja ni kumhukumu bila kumsikiliza. CAG si mahakama. Ufaransa mkaguzi ni mahakama tangu 1807, majaji wamo ndani. Hapa Katiba haikuchagua njia hiyo.

Jicho la Kijiji
Naongelea zahanati, unanipeleka Ufaransa.

Kalamu ya Kijani
Nimestaafu ukaguzi, kwa hiyo niseme. Mnabishana juu ya lugha ya ripoti wakati kesi zinafia mbali kabla ya hapo. Halmashauri moja, siitaji, tulikuta vocha za malipo ya mabati ambayo stoo hayakuwahi kuingia. Leja ya stoo haina mapokezi, hati ya kupokelea mali ina sahihi ya mtu aliyekuwa likizo. Ushahidi mtamu. Kama ilivyo desturi tukatoa nakala za kivuli, vocha halisi zikarudi masjala. Uchunguzi ukachukua muda wake, kesi ilipofika mahakamani wakili wa utetezi akainuka na swali moja tu: halisi ziko wapi? Hazikuonekana. Sheria ya Ushahidi inaruhusu nakala kwa masharti, lakini masharti hayo lazima mtu ayaandae mapema, na pale hakuna aliyeyaandaa. Wakili angekuwa na timu tangu kikao cha kufungua ukaguzi, vocha zile zingechukuliwa kwa hati ya ukamataji kupitia wenye mamlaka hayo, kila mkono ulioshika ukaandikwa. Kwetu wakili analetewa rasimu ikiwa imeshaiva. Hapo ndipo pa kubadilisha. Kumpa meno ya mahakamani huku vielelezo vimeshapotea ni kazi bure.

Bi Masjala
Kaka yangu, hapo kwenye "zikarudi masjala" umetupaka matope. Mimi ni mtunza kumbukumbu. Vocha haitembei yenyewe. Jalada likitoka kuna daftari la harakati za majalada: nani kachukua, tarehe, sahihi. Kila hoja ya ukaguzi ikikosa karatasi, wa kwanza kuandikiwa barua ya kujieleza ni masjala. Wakubwa wanaagiza jalada kwa simu, dereva anatumwa kulichukua, likipotea dereva hayupo na mkubwa hakumbuki. Na nikuambie ukweli mchungu, majalada yasiyorudi mara nyingi yameombwa na kitengo cha sheria "kwa ajili ya kuandaa majibu". Kawaulizeni hao.

Mwanasheria Halmashauri
Dada, sasa umenigusa. Mimi ndiye hicho kitengo cha sheria. Tangu mageuzi ya 2018 na sisi wa halmashauri tunahesabiwa mawakili wa serikali, cheo kinapendeza. Lakini mkurugenzi ndiye anayenipangia kazi na kunipima utendaji. Mkandarasi wetu mmoja dhamana yake ya utekelezaji, ile ahadi ya benki kutulipa akishindwa kazi, ilikuwa inakaribia kuisha muda. Nikaandika dokezo: benki ijulishwe, mkandarasi aihuishe, akikataa tuidai kabla haijaisha. Dokezo likarudi limeandikwa pembeni "Nimeona". Dhamana ikaisha, mkandarasi akaiacha saiti, ukaguzi ukaja, hoja ikaandikwa: "Menejimenti ilishindwa kusimamia mkataba." Menejimenti ni nani? Mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, mkurugenzi na mweka hazina ndio walioongea. Mimi nilikaa safu ya nyuma, napenyeza vikaratasi. Mwenyekiti alipouliza kama kulikuwa na ushauri wa kisheria, mkurugenzi akajibu "tunalifanyia kazi". Dokezo langu lilikuwa kwenye jalada lililokuwa mezani kwake.

Jicho la Kijiji
Na wewe ukanyamaza?

Mwanasheria Halmashauri
Kwenye kamati anajibu afisa masuuli. Ninyoshe mkono nimkane bosi wangu mbele ya wabunge? Nikirudi ofisini nitakuwa mgeni wa nani?

Jicho la Kijiji
Utakuwa mgeni wetu tunaokulipa mshahara.

MzeeWaHansard
Vijana, mnazunguka mbuyu. Swali la msingi ni wakili wa serikali anamtumikia nani. Kumbukeni sakata la Escrow ya Tegeta, 2014, akaunti ya kushikilia fedha za mgogoro wa TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL. CAG alifanya ukaguzi maalumu, PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali iliyokuwa chini ya mbunge Zitto Kabwe, ikachambua zile bilioni 300 na ushee zilizotoka akaunti iliyokuwa Benki Kuu, na kiini cha ugomvi wote ni kama zile zilikuwa fedha za umma. Hilo ni swali la kisheria, si la hesabu. Mwanasheria Mkuu, Jaji Werema, alikuwa ametoa ushauri, na Desemba mwaka ule akajiuzulu akisema ushauri wake haukueleweka. Sasa tazameni: Mwanasheria Mkuu ndiye mshauri wa Serikali, tena anahudhuria Baraza la Mawaziri. Wakili wa ofisi ya CAG, kitaaluma, anamtazama huyohuyo kama mkuu wa fani. Ibara ya 143(6) ya Katiba inasema CAG halazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote ya Serikali. Je, wakili wake? Siku maoni ya AG, yaani Mwanasheria Mkuu, na maoni ya CAG yakigongana, huyu kijana anasimama upande upi?

Kodi Yangu
Mzee umeanza siasa za Zitto. Mbona humtaji Assad, CAG wa zamani?

MzeeWaHansard
Sijaanza siasa. Nimeuliza swali, nijibiwe.

Kodi Yangu
Assad ndiye jibu. Alisema ripoti hazifanyiwi kazi na kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 akaitwa na Spika kujieleza, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, Novemba nafasi ikapewa Kichere. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kumwondoa vile kulikiuka Katiba, wakati huo ameshakaa nje miaka mitatu. Bosi mwenyewe hakulindwa, leo mtu anataka wakili wa daraja la pili ndiye asimame kizimbani kuwashtaki makatibu wakuu.

Mtetea Kodi
Wakili wa kushtaki hasimami kizimbani, kizimbani anasimama mshtakiwa. Tujue kwanza tunachobishania.

Kodi Yangu
Umeacha hoja nzima umeokota kizimba. Hongera.

Wakili wa Bara
Turudi kwenye mada. Kesi za madai za Serikali zina mwenyewe, Wakili Mkuu wa Serikali. Jinai zina DPP, yumo kwenye Katiba, Ibara ya 59B. Mkaguzi ndiye shahidi muhimu wa kesi hizi. Ukimfanya shahidi na mwendesha kesi watoke ofisi moja, utetezi utasema ripoti iliandikwa kwa lengo la kushinda, na mwaka unaofuata hakuna mkurugenzi atakayemfungulia mkaguzi kabati kwa hiari. Hata hiyo hati ya deni ya Afrika Kusini ni hatua ya mwisho: kwanza wanamtaarifu afisa masuuli, wanampa mapendekezo na muda, kisha maagizo ya lazima. Mimi ningeomba dogo zaidi: dokezo la kisheria likiandikwa kwenye taasisi, nakala iende kwa mkaguzi kwa lazima ya sheria. Yule mwenzetu wa halmashauri asingehitaji kunyoosha mkono.

Mtetea Kodi
Hilo nalo ni kuongeza karatasi. Mkaguzi tayari ana haki ya kuona nyaraka zote, na kumzuia ni kosa kisheria.

Mwanasheria Halmashauri
Haki ya kuona anayo, mkuu, lakini ataombaje dokezo asilojua kama lipo?

Bi Masjala
Mnaendelea kama vile sikuuliza. Kaka Kalamu ya Kijani, zile vocha za mabati: daftari la harakati mliliangalia au mlikimbilia kutuandika?

Kalamu ya Kijani
Tuliliangalia. Zilitoka kwenda kitengo cha sheria wiki ileile tulipoondoka, sahihi ipo, tarehe ipo, safu ya kurudisha iko wazi.

Bi Masjala
Haya. Wote mmesoma.

Mwanasheria Halmashauri
Sahihi ni ya nani, na aliagizwa na nani? Jibu yote mawili, usiishie la kwanza.