Tupeane uzoefu: mabinti tuliotoka kijijini kuja Dar kufanya kazi za ndani, mshahara wako wa kwanza alishika nani?

Wadau, habari za jioni. Hili jambo linaniuma, naomba tulisimulie wazi. Naanza mwenyewe.

Natokea Kilolo, Iringa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa mabaya. Kuna jirani yetu aliyekuwa anaishi Dar, alikuja msibani akamwambia mama kuna familia Sinza inatafuta dada wa kazi. Tukaondoka naye. Tulishuka Ubungo usiku, enzi hizo stendi bado iko pale, mimi na sweta langu la baridi ya kwetu, jasho linatiririka.

Mama mwenye nyumba alikuwa mtu mzuri. Alinifundisha jiko la gesi kwa upole: washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue. Kumbe mshahara anamtumia yule jirani, ambaye alimwambia ndiye anayepeleka kwa wazazi wangu. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Miezi ikapita. Siku moja muuza genge akaniazima simu nikapiga nyumbani, mama akaniuliza, "Mwanangu, bado hawajaanza kukulipa?" Nilikaa chini palepale, kwenye ndoo ya nyanya.

Nilimweleza bosi, naye akaumia. Kuanzia mwezi ule akanilipa mkononi, nikasajili laini kwa kitambulisho changu cha mpiga kura. Za nyuma hazikurudi hata senti.

Dada wa Lushoto: Pole sana mwaya. Mimi nililipwa mwenyewe tangu mwanzo kwa sababu shangazi alinipeleka hadi sebuleni, tukakaa wote, kiasi kikatajwa mbele yangu. Nilinunua cherehani kwa hela hiyo, sasa nashona Mbagala.

Mdau wa Singida: Mimi niliambiwa "hela yako tunakuwekea." Nilipotaka kuondoka nikaambiwa nimeshaimaliza kwa sabuni na nguo. Jirani akanielekeza kwa watu wa CHODAWU, chama cha wafanyakazi kinachotuhusu na sisi wa majumbani, nao wakanipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Nikalipwa. Msikae kimya muda mrefu: ukiachishwa kazi una siku 30 za kulalamika CMA, madai mengine siku 60. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatuhusu kabisa, likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mimi nilikuwa najua wenye likizo ni walimu tu.

Mama wa Mufindi: Wanangu, nasoma machozi yananitoka. Binti yangu anaondoka Jumamosi, kuna mtu anakuja kumchukua. Nifanyeje?

Mleta uzi: Shikamoo mama. Kwanza, huyo mtu akupe namba ya mwajiri, uongee naye wewe kabla basi halijaondoka. Akikataa kuitoa, binti asipande. Mshahara utajwe kwenye simu hiyo binti akisikia, na ulipwe kwenye laini yake mwenyewe. Kama hana simu, hata kitochi cha mtumba kinatosha. Kitambulisho akae nacho yeye, asimpe mtu amtunzie. Nauli ya kurudi mshonee kwenye pindo la sketi, msafiri mwenzake asijue. Ukishaongea na huyo mwajiri tuambie hapa amesemaje.