"Bomba ni bomba": huyu mtu atuachie mitutu yetu

Jicho la Mita 900 (mtoa mada)

Wakuu, nimefura. Huyu mtu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kulalia tumbo na kulenga mbali anamjua: jibu lake hutangulia swali.

Leo mwenye bunduki kamwekea karatasi ya shabaha mbele ya macho. Ina matundu matano. Matatu si duara, ni marefu, yamechanika upande mmoja kama tundu la ufunguo, na pembeni kuna alama ya kijivu pale ubavu wa risasi ulipojipangusa. Bunduki ni ya 6.5 Creedmoor (aina ya risasi) yenye mtutu mpya, mtutu ambao huyu mtu ndiye aliyeuchagua. Kaulizwa kwa adabu zote kama msokoto wa mtutu huo, yaani jinsi mifereji ya ndani inavyoizungusha risasi, unafaa. Hajainua hata kichwa. "Bomba ni bomba. Huo ni upepo."

Bomba ni bomba! Upepo! Ni upepo gani huo unaolaza risasi ubavu? Kije kimbunga king'oe mabati, kitaisukuma risasi mpaka shabaha ya jirani, lakini tundu litabaki duara. Tundu refu maana yake risasi imefika ikiyumba, na ikiyumba chanzo karibu kila mara ni mtutu ambao haukuizungusha vya kutosha.

Hesabu yenyewe hii hapa. Kichwa cha risasi cha greni 140 (kipimo cha uzito) cha kipenyo hiki kina urefu wa takriban inchi 1.38. Kwenye msokoto wa 1 kwa 8, yaani mzunguko mmoja kila inchi 8, kikitoka na kasi ya futi 2,700 kwa sekunde, kanuni ya Miller (hesabu ya risasi kutulia hewani) inakupa uthabiti wa karibu 1.65. Wapiga shabaha tunataka 1.5 kwenda juu. Kwenye 1 kwa 9 unashuka hadi 1.3 hivi: karatasi utaipiga, ila risasi inapoteza kasi njiani kuliko inavyopaswa. Kwenye 1 kwa 10 unabaki na 1.06. Chini ya 1 risasi inabiringika. Asubuhi ya baridi hewa inakuwa nzito, na hiyo 1.06 inaporomoka yenyewe.

Na yeye kachagua 1 kwa 10! Kwa vichwa vya greni 140! Halafu "bomba ni bomba"! Bomba ni la kupitisha maji. Mtutu una mifereji, una koo (mwanzo wa mifereji), una chemba (pale ganda linapokaa), una mdomo, na kila kimoja kinaweza kukuharibia kazi peke yake. Nimesema na narudia: bomba ni bomba, mbele ya karatasi yenye matundu ya ufunguo!

---

Hesi 16

Mkuu, pole. Kwake msokoto ni mwanzo tu. Mtu yuleyule hukwambia mtutu wowote unaingia kwenye risiva yoyote (kiini cha bunduki ambamo mtutu hufungwa) "ukilazimisha kidogo". Bunduki ya Remington 700 ina hesi (nyuzi za skrubu) 16 kwa inchi, Savage ina hesi 20, na vipenyo vyake vinakaribiana kiasi cha kumdanganya mwenye haraka. Ukilazimisha unaua hesi za risiva, na risiva ndiyo bunduki yenyewe.

Kingine asichokiuliza kamwe ni uso wa bolti, chuma kinachofunga nyuma ya ganda. Kutoka risasi ya .308 kwenda 6.5 Creedmoor unabadilisha mtutu tu, kwa kuwa kitako cha ganda ni kilekile cha inchi 0.473. Ukitaka .300 Winchester Magnum, kitako ni inchi 0.532, kwa hiyo unahitaji bolti nyingine. Halafu unakuta mtu kashanunua mtutu, kausugua kwa grisi, ndipo anagundua ganda haliingii kwenye bolti.

---

Masizi

Mtoa mada, hasira yako ni kubwa kuliko uchunguzi wako. Umepiga kelele aya tano na hujauliza swali la kwanza: mtutu wa zamani ulikuwa umekufa kweli? Nusu ya mitutu inayotupwa haina kosa.

Matundu kwenye shabaha yakianza kutawanyika, kaza kwanza skrubu za risiva na vishikio vya darubini. Kisha ingiza kamera ya kuchungulia. Mbele kidogo ya pale mdomo wa ganda unapoishia hujengeka pete ya masizi magumu kama kioo. Pete hiyo inapandisha shinikizo na kuvuruga kasi, na mtu anadhani chuma kimekwisha. Mtutu uliokwisha unaonekana: koo lina nyufa nyufa kama ngozi ya mamba, na mwanzo wa mifereji umesogea mbele. Kipimo cha urefu wa risasi kitakwambia umesogea kiasi gani tangu ulipokuwa mpya, ukiwa uliandika. Hukuandika? Basi unakisia.

Na maisha ya mtutu hayafanani. .308 inaweza kuvuka risasi 5,000. 6.5 Creedmoor ni 2,000 hadi 3,000 kwa mtu asiyeichemsha. .243 inaweza kuchoka kwenye 1,500. Ukipiga risasi 20 mfululizo mtutu ukiwa haushikiki, gawanya idadi hizo.

---

Jicho la Mita 900 (mtoa mada)

Masizi, matundu yale hayakuwa ya mtutu wa zamani. Ni ya mtutu MPYA, na nimeandika hivyo juu. Na alipoonyeshwa kasema nini? Bomba ni bomba. Hata kuinua kichwa hakuinua!

---

Bibi Shabaha

Tumesikia, baba, bomba ni bomba. Sasa mwambie huyo mwenye bunduki anunue nini, maana mpaka hapa umemwachia kelele tu.

Kama anashindana F-TR (daraja la mashindano ya shabaha ya mbali), 6.5 Creedmoor haimo kabisa: wanaruhusu .308 na .223 pekee, na bunduki nzima pamoja na miguu na darubini isizidi kilo 8.25. Ahamie F-Open, ambako mwisho ni kilo 10. Uzito huo ndio unaoamua unene wa mtutu, kwa hiyo apime bunduki yake bila mtutu kabla ya kuagiza chochote. Mitutu minene hutulia na huchelewa kupata joto, lakini ukishapita uzito unarudishwa kwenye meza ya ukaguzi na safari yako imeishia hapo.

Urefu: inchi 26 zinamtosha. Kila inchi anayoongeza inampa futi 20 hadi 30 kwa sekunde, na akifika 30 anapata pia chuma kirefu kinachocheza.

Chuma: achukue 416R, stenlesi ya mitutu ya shabaha. Inakerezeka vizuri na koo lake huchakaa kwa utaratibu. Mifereji iliyokatwa kidogo kidogo haiachi mkazo mwingi ndani ya chuma. Iliyosukumwa kwa kitufe ni nzuri pia, mradi chuma kimepashwa moto kuondoa mkazo baada ya hapo. Kinachonikera mimi ni mtu anayechukua mtutu wa kitufe na kwenda kuuchonga mifuo ya nje ili upungue uzito. Mkazo ukifunguka, tundu la ndani linapanuka pale palipochongwa, na usahihi ulioulipia unaondoka. Hilo ndilo la kulifungulia uzi.

---

Geji ya Pita

Bibi, shikamoo. Mifuo ya nje ni kero ndogo ukiilinganisha na watu wanaofunga mitutu ya nati (inayokazwa kwa nati) nyumbani bila geji, wanatumia risasi ya dukani kama kipimo. Hawa ndio wa kulaaniwa.

Kwa .308, geji ya pita (bolti lazima ifunge juu yake) ni inchi 1.630 na ya usipite (bolti isifunge) ni 1.634. Tofauti ni elfu nne za inchi, unene wa karatasi! Toa pini ya kufyatulia na kitoa ganda kwenye bolti ili mkono usikie chuma kwa chuma. Weka geji ya pita, funga bolti, zungusha mtutu kwa mkono mpaka uguse, kisha kaza nati. Halafu PIMA TENA. Hapa ndipo wanapokosea wote: nati ikikazwa inavuta hesi na mtutu unasogea. Ulichopima kabla ya kukaza si ulicho nacho baada ya kukaza. Bolti ikifunga juu ya geji ya usipite, legeza uanze upya. Nafasi kati ya bolti na ganda ikizidi, ganda linanyooka kila mlio, na juu kidogo ya kitako hutokea mstari unaong'aa. Siku moja linakatikia hapo na gesi inarudi usoni.

---

Hesi 16

Na grisi kwenye hesi! Stenlesi juu ya stenlesi bila grisi inang'ang'ania, hutaitoa tena. Na mtutu ushikwe kwenye jiliwa lenye mbao au shaba laini. Meno ya chuma yanauchubua.

---

Upepo wa Kushoto

Mnaongea kufunga, mimi nina kisa na wanaosafisha. Kuna mtu, namuona kila mara, anaingiza fimbo kupitia mdomo wa mtutu. Fimbo ya chuma, ya kuunga vipande vitatu! Kila inaporudi inasugua ukingo wa mdomo, mahali pa mwisho risasi inapoguswa. Ukingo ukiliwa upande mmoja, gesi inatoka upande huo kwanza na risasi inaanza safari imesukumwa. Fimbo ipitie nyuma, ndani ya kiongozi kinachokaa kwenye chemba, na iwe kipande kimoja.

---

Masizi

Hapo tuko pamoja. Lakini msije mkaniletea ule utaratibu wa kupiga moja safisha, piga moja safisha, mara 20 kwenye mtutu mpya. Mtutu uliosuguliwa kwa mkono kiwandani hauhitaji. Unachosha koo bure.

---

Upepo wa Kushoto

Koo lenyewe halijasuguliwa kiwandani, Masizi. Chemba imekatwa baadaye na rima (kikata cha chemba), na rima inaacha mikwaruzo inayokatiza njia ya risasi. Hiyo ndiyo inayokwangua shaba. Piga tano, ukisafisha kila moja, tazama kitambaa. Kisipotoka buluu ya shaba, acha.

---

Masizi

Tano sawa. Ishirini hapana.

---

Geji ya Pita

Na asitafute kipimo cha baruti kabla ya risasi 100. Mtutu mpya hupanda kasi baada ya 100 hadi 200, na kipimo alichokipata mwanzo kitampandishia shinikizo.

---

Jicho la Mita 900 (mtoa mada)

Sawa wakuu, lakini yule mtu mbele ya ile karatasi...

---

Upepo wa Kushoto

Geji, 100 ni chache. Kwenye 6.5 ngoja mpaka 150, na andika kasi kila ukienda uwanjani.