Laptopu imegoma kuwaka ghafla: nibadili bodi, nichukue mtumba au nihamie desktopu?

steshenari_mbagala
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Juzi saa kumi jioni umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, laptopu ilikuwa kwenye chaja nikaiacha tu maana ina betri nikajua haina shida. Jana asubuhi nabonyeza pawa, feni inazunguka kidogo inaacha, kioo cheusi tii, taa ndogo ya betri inakonyeza chungwa na nyeupe. Ni Dell Latitude 5490, mwaka wa tatu huu ndo inalisha steshenari yote. Humo kuna ripoti za wanachuo, kuna dada mmoja anakabidhi ya kwake Jumatatu na fleshi kaipoteza, hapa ninavyoandika amekaa kwenye benchi nje ananiangalia.

Fundi kaishika dakika tano akasema bodi (ile saketi kuu inayobeba kila kitu ndani) imekufa, laki tatu na nusu, na data hazitoki. Kariakoo mtumba kama hii wananiambia laki tano na ishirini. Jamaa yangu anasema achana na malaptopu, chukua desktopu na UPS (kile kiboksi cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika), kama laki nne na nusu jumla. Nishike lipi?

kijana_wa_saketi
Pole mkuu. Fundi wa dakika tano mwenye bei mkononi mi namuogopa kuliko bodi mbovu. Hiyo taa haikonyezi bure, mashine inakwambia inaumwa wapi. Kaa uihesabu, chungwa mara ngapi halafu nyeupe mara ngapi, inapumzika inaanza upya. Kwa Dell za namna hiyo, chungwa 2 kwa nyeupe 1 ni prosesa (ubongo wa mashine), 2 kwa 2 ni bodi au BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine), 2 kwa 3 haioni RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), 2 kwa 4 RAM yenyewe ina kasoro. Shikilia pia herufi D ukiwa unabonyeza pawa, kioo kikianza kubadilisha marangi ujue kioo hakina kosa. Ukishahesabu ndo uje tulinganishe bei, sasa hivi unalinganisha dawa na ugonjwa haujapimwa.

mwl_wa_kompyuta
Naongezea kwenye data maana hapo ndo umedanganywa. Bodi ikifa SSD (diski inayotunza mafaili yako) haifi nayo, kwenye hiyo mashine ni kipande cha peke yake kinachomoka kwa skrubu. Unanunua kasha lake la USB, unakichomeka kwenye kompyuta nyingine unakopi. Ila uliza kwanza kama SSD yako ni ya aina ya SATA au NVMe, makasha yanatofautiana na muuzaji atakupa lolote alilonalo. Mwambie dada wa benchi apumue.

pwani254
Niko Likoni, yalinipata hayo hayo mwaka jana. Mimi nilikubali kubadilishiwa bodi, ikawaka vizuri, lakini Windows ikanidai namba ndefuu ya tarakimu 48 sababu diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda data) na bodi mpya haitambui. Sikujua hata kama ilikuwa imefungwa! Bahati ile namba ilikuwa imehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft, nikaingia kwa simu nikaipata. Hata ukitoa SSD ukaiweka kwa kasha inaweza kukudai, kwa hivyo itafute mapema. Na hiyo bodi ukinunua nayo ni mtumba pia, imetolewa kwa mashine nyingine, uliza warantii ya wiki ngapi. Yangu mpaka leo yadunda, siwezi kusema uongo, lakini bei yake ilikaribia nusu ya mashine.

dada_wa_msimbazi
Mimi nauza mitumba kwa hiyo mnisamehe kama navutia kwangu 😂 ila nitasema ukweli. Ukija mjini usikubali uuziwe 5480 kwa bei ya 5490, kwa macho zinafanana kabisa ila 5480 ina prosesa ya kizazi cha 6 au cha 7, hizo Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 usapoti uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Chukua kizazi cha 8 kwenda mbele. Halafu kabla hujatoa hela iwashe bonyeza F2, ikidai nenosiri la BIOS irudishe hapo hapo, hiyo imetoka ofisini Ulaya imefungwa na hakuna wa kukufungulia kwa bei ya kawaida. Humo humo angalia afya ya betri. Chomoa chaja wakati muuzaji anaongea, maana wengine wanakuonyesha mashine ikiwa kwenye umeme muda wote.

kijana_wa_saketi
Dada umeongea kama si mfanyabiashara.

mzee_wa_desktopu
Kwa steshenari mimi nasema desktopu, na sibadilishi. Pawa saplai ikiungua unanunua nyingine unafunga mwenyewe, RAM hivyo hivyo, kioo hivyo hivyo, laptopu kila kitu kimegandana. Hasara yake umeme ukikatika UPS inakupa dakika za kusevu na kuzima tu, si za kufanyia kazi, lakini printa yako nayo si itakuwa imezima? Na usije ukachomeka printa ya leza kwenye hiyo UPS, inavuta umeme mwingi ikipata moto, utaiua wiki ya kwanza. Niliua moja hivyo, nilidhani naikinga.

steshenari_mbagala
Wakuu nimerudi. Nimehesabu mara nne, na dada wa benchi kahesabu, ni 2 chungwa 3 nyeupe. Kwa hiyo RAM??

kijana_wa_saketi
Haioni RAM. Chaja chomoa, fungua kava la chini, plagi ya betri chomoa KWANZA, kisha bonyeza pawa uishikilie nusu dakika iishe chaji. Toa RAM zote mbili, sugua meno yake ya dhahabu taratibu na raba ya kufutia, rudisha moja tu. Jaribu kila moja kwenye kila nafasi.

steshenari_mbagala
IMEWAKA. Nafasi ya kwanza haishiki RAM yoyote, ya pili inashika zote mbili, moja moja. Vumbi nililolikuta humo ndani sisemi. Nimebaki na GB 8 badala ya 16, inachechemea nikifungua picha za pasipoti ila inakwenda, ripoti nimeitoa dada kaondoka nayo kwenye fleshi mpya na nyingine kajitumia kwa imeili.

Bodi sibadilishi sasa, laki tatu na nusu kwa nafasi moja ya RAM naona hainilipi. Ila siiamini tena peke yake, mwisho wa mwezi nachukua desktopu ya mzee, hii ibaki ya akiba.

mzee_wa_desktopu
Karibu chamani.

pwani254
Bro hiyo RAM iliyobaki ni ya aina ya DDR4? Nauliza tu, usije ukaitupa.