Sahihi za mahudhurio zimehesabiwa kuwa ridhaa: wakazi tufanye nini ili eneo letu la wazi lisibadilishwe matumizi?

MkaziWaMwarobaini aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa mipango miji na wa wale waliowahi kupita katika jambo kama hili.

Ninaishi katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam ambao, kama ilivyo mitaa mingi ya jiji hili, ulijengwa kwanza na kupangwa baadaye. Miaka michache iliyopita tulichangishana fedha za urasimishaji, yaani kupimiwa na kutambuliwa rasmi viwanja vyetu, wapimaji wakaja, mawe ya mipaka yakazikwa, na mchoro ukabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa ili kila mwenye nyumba aangalie kiwanja chake. Katika mchoro ule, uwanja ulio katikati yetu, wenye mwarobaini mkubwa ambao kivuli chake ndicho tunachokalia kwenye misiba na mikutano, ulipakwa rangi ya kijani na kuandikwa "eneo la wazi". Hakuna aliyebisha, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapocheza, na masika ikifika, maji ya mtaa mzima hutuama hapo badala ya kutuingilia vyumbani.

Wiki tatu zilizopita mwanangu alirudi nyumbani akasema mpira wao umegonga bati lenye maandishi. Nilikwenda kutazama, nikakuta bango dogo limefungwa kwa waya kwenye shina la mwarobaini, tena upande unaoelekea ukuta wa jirani wala si upande wa njia. Lilitangaza kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi kutoka eneo la wazi kuwa makazi na biashara, na kumtaka mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi katika halmashauri. Sehemu ya tarehe ilikuwa imefifia kiasi cha kutosomeka.

Nilipofika ofisini kuuliza, niliambiwa kwamba wananchi wameshashirikishwa na wameridhia, nikaonyeshwa nakala ya kurasa nne za daftari. Katika ukurasa wa pili niliiona sahihi yangu mwenyewe. Naukumbuka vizuri mkutano ule: tulijadili ulinzi shirikishi na gari la taka, daftari likazungushwa, na kila mtu akaandika jina, namba ya simu na sahihi kwenye karatasi isiyo na kichwa chochote. Sasa kichwa kipo, kimeandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine, kwamba hao ni wananchi waliokubali mabadiliko ya matumizi.

Ninauliza mambo mawili. Je, sahihi hizo zinatufunga? Na kama bado tuna nafasi, pingamizi linaandikwaje ili lisomwe na wanaoamua, lisiishie kwenye jalada?

MpangajiMiji alijibu:

Ndugu yangu, pole sana. Nimefanya kazi katika idara ya mipango miji ya halmashauri kwa miaka mingi, na hilo la daftari nimeliona zaidi ya mara moja. Sahihi ya mahudhurio inathibitisha kwamba mtu alikuwepo mkutanoni, basi. Kinachothibitisha kwamba wananchi waliridhia ni muhtasari wa mkutano unaoonyesha ajenda ilikuwa ipi, nani alieleza nini, maswali gani yaliulizwa, na uamuzi ulifikiwaje. Kwa hiyo barua yenu ya kwanza, kabla hata ya pingamizi, iwe ya kuomba nakala ya muhtasari wa mkutano huo. Kama muhtasari unazungumzia ulinzi na taka, tayari mmepata ushahidi ambao hakuna mtu atakayeweza kuupinga kwa maneno.

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 haikumweka mwananchi pembeni. Mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni halmashauri, inapotaka kupanga eneo, inapaswa kutangaza kusudio lake, kuwaita wenye ardhi, taasisi na vikundi vilivyomo katika eneo hilo, kisha kuiweka rasimu ya mpango mahali ambapo umma unaweza kuiona na kuitolea maoni. Kubadilisha matumizi ya kiwanja kimoja ni jambo dogo kuliko kupanga eneo zima, lakini bango lile na tangazo la gazetini vina kazi ileile, yaani jirani ajue mapema na aseme mapema. Bango lililogeuziwa ukutani halijatimiza kazi hiyo. Lipigeni picha leo hii: moja ya karibu inayoonyesha maandishi na tarehe iliyofifia, nyingine ya mbali inayoonyesha mti, ukuta na njia, ili anayeangalia aone mwenyewe kwamba mpita njia hawezi kulisoma.

Kuhusu pingamizi lenyewe, nimesoma mengi yaliyojaa uchungu wa haki kabisa lakini yasiyompa mpangaji kitu cha kushika. Barua inayosema "tunaonewa, eneo hili ni letu tangu zamani" inaeleweka, ila haijibu swali ambalo wataalamu na madiwani wa kamati ya mipango miji wanajiuliza, nalo ni kama matumizi mapya yanafaa mahali hapo. Andikeni namba ya kiwanja, kitalu na namba ya mchoro ulioidhinishwa. Elezeni kwamba eneo hilo linapokea maji ya mvua kutoka pande zipi, na likijengwa maji hayo yataelekea nyumba zipi. Elezeni kama kuna uwanja mwingine ambao mtoto anaweza kuufikia bila kuvuka barabara kubwa. Elezeni gari la zimamoto linageuzia wapi. Katika mitaa iliyorasimishwa, ambako njia nyingi ni nyembamba, uwanja wa namna hiyo mara nyingi ndio mahali pekee pa gari kubwa kugeuza, na hoja hiyo peke yake imewahi kurudisha nyuma maombi mbele ya macho yangu.

Barua ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa diwani wenu na kwa ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi ya mkoa. Kila nakala mnayobaki nayo iwe na muhuri wa mapokezi na tarehe. Ninalisisitiza hili kwa sababu barua isiyo na muhuri ni sawa na barua ambayo haikuandikwa.

Niongeze neno moja la historia, maana linahusu jinsi jiji hili lilivyozoea kupangwa. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kutumia viwango vya majengo: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ule uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili uitenge Kariakoo na katikati ya mji. Wakazi wa Kariakoo hawakuulizwa. Baada ya hapo ikaja mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979, nayo kwa sehemu kubwa ilichorwa mezani na wataalamu. Sheria ya 2007 ilikusudiwa kuiacha desturi hiyo, na kila daftari la mahudhurio linalogeuzwa kuwa ridhaa linaturudisha kulekule.

MtendajiMstaafu alijibu:

Namuunga mkono MpangajiMiji, nami niongeze upande wa mtaa, kwani nimewahi kuwa mtendaji wa mtaa kabla ya kustaafu.

Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Hapo simaanishi wenye nyumba peke yao. Wapangaji wengi hukaa kimya wakidhani mambo ya viwanja hayawahusu, na wenye nyumba wengi wanaishi kwingine, kwa hiyo mkutano unabaki na watu thelathini katika mtaa wa maelfu. Anayetaka kupitisha jambo kimyakimya anaijua hesabu hiyo vizuri. Mpangaji ambaye mtoto wake anacheza chini ya mwarobaini ana sababu ya kusema sawasawa na mwenye hati, na sahihi yake kwenye pingamizi ni halali.

Jambo la pili ni dogo lakini lina nguvu. Daftari linapoanza kuzungushwa, mtu wa kwanza kulipokea aandike juu ya ukurasa tarehe, mahali na ajenda, kisha apige mstari. Ukurasa ukijaa, wa pili uandikwe vilevile. Mistari iliyobaki wazi mwishoni ikatwe kwa kalamu. Nilipokuwa kazini nililazimisha utaratibu huo, na baadhi ya watu walinikasirikia, lakini hakuna karatasi yangu hata moja iliyowahi kutumika kwa jambo ambalo halikujadiliwa.

Kwa sasa, mwombeni mwenyekiti wa mtaa kwa maandishi aitishe mkutano mkuu wenye ajenda moja tu, ya uwanja huo. Akikataa, kukataa kwake kukiwa kwa maandishi nako ni ushahidi.

Jirani_wa_Mtaro alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo, kwa nia njema. Maeneo mengi ya wazi hapa mjini yamepotea kwa sababu wakazi wenyewe waliyaacha yakawa jalala na maficho ya wahuni. Anapokuja mtu na ombi la kujenga, halmashauri inaona mahali palipotelekezwa, naye anaonekana mkombozi. Pingamizi likisema "hapana" tu, litashinda mwaka huu na kushindwa mwaka ujao.

Pelekeni pamoja na pingamizi pendekezo lenu la namna mtakavyoutunza uwanja huo. Wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990 walijenga mitaro na barabara za mtaa wao kwa kushirikiana na wafadhili, wakifanya kazi kwa mikono yao. Aidha, kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa vyuo vikuu wakapita na wakazi, kata kwa kata, wakichora mitaro, njia na maeneo yanayofurika, na kazi hiyo imo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap ambayo yeyote anaweza kuifungua bila malipo. Angalieni kama mtaa wenu umo. Chapeni sehemu yenu, chukueni kalamu ya buluu, na wazee wanaokumbuka masika mabaya waonyeshe maji yalifika wapi, nyumba kwa nyumba. Karatasi hiyo iambatanishwe na barua.

MwanaMukuru alijibu:

Salamu kutoka Nairobi. Sheria zetu ni tofauti, kwa hivyo sitawashauri kuhusu vifungu. Kwetu Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inampa asiyeridhika na uamuzi wa kaunti kamati ya kukatia rufaa kabla ya kwenda mahakamani. Hata hivyo, ninayo ya kuwaeleza kuhusu namna ya kuwafikia watu, kwa sababu tumeyaishi.

Mnamo Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru, mitaa yetu ya mabanda, kuwa eneo maalumu la kupangwa. Mukuru ina zaidi ya kaya 100,000, na hakuna ukumbi wala uwanja unaoweza kuzikusanya. Mkutano mmoja wa hadhara ungehudhuriwa na walewale wanaohudhuria kila mara. Kwa hivyo kaya ziligawanywa kumi kumi, kila kumi likatoa mtu wa kuwasemea, makundi hayo yakaunganishwa kuwa makubwa zaidi, na maoni yakapanda kutoka mlangoni hadi kwa wataalamu, kisha rasimu ikashuka kwa njia ileile. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walikuwa katikati ya kazi hiyo.

Jambo lililobishaniwa zaidi ni upana wa barabara. Wapangaji wa mji wangefuata viwango vya kawaida, wangebomolea watu wengi mno. Mama anayeuza mboga mlangoni pake anajua njia hiyo inapita mikokoteni mingapi asubuhi, na hoja kama hizo, zilizokusanywa kutoka maelfu ya milango, ndizo zilizowafanya wapangaji wakubali njia nyembamba zaidi mahali penye nyumba zilizosongamana. Sisemi yote yalikwenda vizuri, kwani 2021 watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao na wakalala nje, mpango upo. Lakini waliposimama kudai, walijua majina ya majirani zao na mipaka ya maeneo yao.

Kwa uwanja mmoja hamhitaji mfumo mkubwa hivyo. Gaweni nyumba zinazouzunguka kumi kumi, na kila kumi lichague mmoja wa kupita na fomu yenye kichwa kilichoandikwa wazi: "Sisi tuliotia sahihi hapa tunapinga." Mtu asome kichwa hicho kwa sauti kabla ya kumpa mwenzake kalamu.

MkaziWaMwarobaini alijibu:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Jana jioni tulikutana watu kumi na wanane chini ya mti, saba kati yao wapangaji, ambao sikuwahi kuwaona mkutanoni hata mara moja. Picha za bango zimepigwa. Barua ya kuomba muhtasari imepelekwa leo asubuhi na imegongwa muhuri, ingawa karani aliniuliza mara mbili kwa nini ninauhitaji.

Ushauri wa ndugu Jirani_wa_Mtaro ulituchoma, kwa sababu ni kweli kona moja ya uwanja imekuwa ya kutupia taka, na baadhi ya taka hizo ni zetu. Jumamosi tunaanza kuisafisha. Bibi mmoja aliyehamia hapa kabla yetu sote amekubali kukaa na vijana aonyeshe maji yalikopita katika masika ambayo yeye anayakumbuka na sisi hatukuwepo.

Limebaki swali moja kwa MpangajiMiji. Mchoro uliobandikwa ofisini wakati wa urasimishaji umeshaondolewa ukutani, na hakuna aliyeandika namba yake. Je, naweza kuipata nakala yake katika idara ya mipango miji kama mkazi wa kawaida, au ni lazima niende na barua ya utambulisho kutoka mtaani, ofisi ileile inayoshikilia daftari?

MpangajiMiji alijibu:

Nenda moja kwa moja idarani na barua yako mwenyewe, ukiambatanisha stakabadhi ya mchango wako wa urasimishaji na nakala ya kitambulisho. Omba kuuona mchoro ulioidhinishwa wa eneo lenu. Ukiwekwa mezani, kabla hujatazama rangi ya uwanja, angalia kona ya chini: hapo pana namba ya mchoro, tarehe ya kuidhinishwa na sahihi. Nakili vyote vitatu kwa mkono wako, kisha ndipo uombe nakala.